Vyungu kumi na kimoja na maji ya kisima: uchambuzi wa kisa cha kuokoa minazi ya mapambo kwa shilingi 80,000

Kisa hiki kinahusu nyumba ndogo ya wageni huko Mikocheni, Dar es Salaam, ambako mwezi Januari 2023 niliitwa kutazama vyungu kumi na kimoja vya minazi ya mapambo vilivyokuwa vinakauka kimoja baada ya kingine. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari amepita kwa wauza miche wa kando ya barabara ya Bagamoyo, na huko alitajiwa shilingi 45,000 kwa areka moja yenye kimo cha mtu, yaani shilingi 495,000 kama angebadilisha vyote kumi na kimoja. Fedha hizo hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni shilingi 80,000, ambazo alitaka zitoshe vifaa vyote pamoja na kibarua wa kubeba vyungu. Ujira wangu tulielewana kando na haumo katika hesabu nitakayoitoa.

Kati ya vyungu hivyo, saba vilikuwa vya areka, mmea wenye asili ya Madagaska unaotoa mashina mengi membamba kutoka kwenye kitako kimoja, na ambao wauzaji wengi hukusanya miche kadhaa ndani ya chungu kimoja ili uonekane umesheheni. Viwili vilikuwa vya mkindu mdogo wa mapambo, ambao asili yake ni Laos, Vietnam na kusini mwa China, nao ni wa jenasi moja na mtende na mkindu wetu wa kusukia mikeka. Kimoja kilikuwa cha rapisi, wenye majani yaliyochanuka kama vidole, na cha mwisho kilikuwa cha saikasi, ambao kusema kweli hauhusiani na mnazi hata kidogo, kwa kuwa ni jamaa ya mtapo wa Pwani. Watu huuweka katika kundi hili kwa sababu ya sura yake tu. Nilimwambia mama mwenye nyumba siku hiyohiyo kwamba saikasi ina sumu na isiwekwe mahali ambapo watoto au mbwa wanaweza kuitafuna, jambo ambalo aliyemuuzia hakuwahi kumtajia.

Hali niliyoikuta ilikuwa hii. Areka sita zilizopangwa barazani, chini ya paa, zilikuwa na makuti ambayo ncha zake zimekauka rangi ya kahawia iliyokolea, ukavu ukishuka kutoka nchani kuelekea kitako cha kila kijani, na katika makuti ya zamani kulikuwa na madoadoa ya rangi ya machungwa yanayopitisha nuru ukiyainua kwenye jua. Udongo wa juu ulikuwa na utando mweupe, na utando kama huo ulizunguka ukingo wa vyungu vya saruji. Mkindu mmoja karibu na geti ulikuwa umeinama, na mwenzake ulikuwa mzima kiasi. Rapisi ya mapokezi ilikuwa na wadudu gamba waliojipanga kwenye mishipa ya majani kama mbegu za ufuta. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho mbolea ilipotiwa. Mlinzi, mzee mwenye busara na mazungumzo mengi, alikisia kuwa ni kabla ya ugonjwa wa korona.

Nakiri kwamba dakika kumi za kwanza zilinipeleka kwenye hitimisho ambalo lingekula fedha zote na kuiua mimea. Niliona njaa. Mimea isiyolishwa kwa miaka mitatu, makuti ya zamani yenye madoadoa ya upungufu wa potasiamu, vyungu vilivyojaa mizizi: fundi yeyote wa bustani angesema tununue mbolea, tununue udongo, tuhamishie kila kitu kwenye vyungu vikubwa, tukate makuti mabovu ili mimea ipumue. Nilikuwa nimeshaanza kuandika orodha ya ununuzi nilipokwenda nyuma ya jiko kutafuta maji ya kunawa, nikauona mnazi wa saba.

Ulikuwa areka ileile, iliyonunuliwa siku moja na nyingine, lakini chungu chake kilipasuka mwaka 2021 ukatupwa kwenye kona iliyo kati ya ukuta na tangi. Mizizi ilikuwa imetokeza kwenye ufa na kushika sakafu. Nao ulikuwa wa kijani kutoka kitako hadi ncha, makuti yake marefu kuliko ya wenzake wote.

“Huo nani anaumwagilia, mzee?” nilimuuliza mlinzi.

“Huo hatuumwagilii, fundi. Ulishatupwa huo.”

Juu yake kulikuwa na bomba jembamba la plastiki linalotoka kwenye kiyoyozi cha chumba kimojawapo, na tone lilikuwa linaanguka kila baada ya sekunde chache, moja kwa moja juu ya udongo. Mmea huo nao haukuwa umepata mbolea kwa miaka mitatu. Nao ulikuwa umebanwa, tena ndani ya chungu kilichovunjika. Kama njaa na kubanwa ndiyo vilivyokuwa vinaua areka sita za barazani, huu ungepaswa kuwa wa kwanza kufa. Tofauti pekee niliyoweza kuiona ilikuwa maji, na kuanzia hapo nikaacha kuuliza kuhusu mbolea nikaanza kuuliza kuhusu maji.

Majibu yalikuja haraka. Mwishoni mwa Oktoba 2022, kina cha maji ya Mto Ruvu kiliposhuka kwa ukame na mgao wa maji kutangazwa Dar es Salaam, nyumba ile ilifufua kisima chake cha zamani kilichokuwa kimefungwa. Maji ya bomba yaliporudi yaliachwa kwa wageni na jikoni, lakini mpira wa bustani ulibaki kwenye kisima kwa sababu yalikuwa maji ya bure. Hivyo, kwa miezi mitatu ya joto kali, areka za barazani zilikuwa zinanyweshwa maji ya kisima kila siku, na kwa kuwa zilikuwa chini ya paa hata mvua chache za vuli hazikuzifikia.

Kipimo cha maabara kingegharimu sehemu kubwa ya bajeti, kwa hiyo tulitumia sufuria tatu. Nilipima lita moja ya maji ya kisima, lita moja ya bomba na lita moja ya kiyoyozi, nikaziweka kwenye jiko la gesi moja baada ya nyingine hadi zikakauka kabisa, zoezi ambalo mpishi hakulifurahia. Sufuria ya maji ya kiyoyozi ilibaki na doa tu. Ya maji ya bomba ilikuwa na vumbi jepesi. Ya maji ya kisima ilikuwa na ukoko mweupe ambao ulipokwanguliwa ulijaza karibu nusu kijiko cha chai, nao ukiuonja ni chumvi. Mpishi mwenyewe aliongeza ushahidi ambao sikuuomba: sabuni haitoi povu kwenye maji yale, na ndiyo maana waliacha kuyafulia mashuka.

Hali hiyo si ya ajabu katika maeneo yaliyo karibu na bahari. Chini ya ardhi maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na pampu inapovuta kwa wingi kuliko mvua inavyorudisha, maji ya chumvi hupanda. Ndani ya chungu tatizo huongezeka, kwa kuwa mmea huvuta maji na kuacha chumvi nyingi nyuma, jua nalo huvuta maji kutoka juu ya udongo, na kesho yake unaongeza maji mengine yenye chumvi juu ya chumvi ya jana. Kama tundu la chini limeziba, hakuna njia ya chumvi hiyo kutoka. Ile kidogo inayoingia kwenye mizizi husafirishwa pamoja na maji hadi ncha za majani, maji yakapotea hewani na chumvi ikabaki pale. Ndiyo sababu kifo huanzia nchani. Na mizizi iliyozungukwa na chumvi hushindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa, kwa hiyo mmea huonekana una kiu, na mtu mwenye huruma huongeza maji yaleyale.

Kwa mtazamo huu mpya, orodha yangu ya ununuzi iligeuka kuwa orodha ya hatari. Mbolea ya chumvichumvi ingeongeza chumvi. Kuhamisha mimea ambayo mizizi yake imeungua kungevunja mizizi michache iliyobaki. Na kukata makuti yenye madoadoa ya machungwa kungekuwa wizi, maana mnazi unaopungukiwa potasiamu huitoa kwenye makuti ya zamani na kuipeleka kwenye makuti machanga. Ukilikata kuti kuukuu, unalazimisha linalofuata lianze kunyonywa. Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa mjini, ambao huona usafi kuwa ni tiba na kuuacha mnazi na makuti matatu yaliyosimama kama ufagio. Tulikubaliana kwamba kuti litakatwa tu likiwa limekauka lote, na kwamba mama mwenye nyumba atavumilia sura mbaya barazani kwa muda. Hilo la pili lilihitaji maneno mengi kuliko la kwanza.

Kabla ya kutumia senti moja, tulipima nani yuko hai. Mnazi hauna gome wala tawi la kuchipua upya kama mwembe au mjohoro. Kila shina lina kiini kimoja tu cha kukua, kileleni, na kikifa shina limekwisha hata kama makuti ya chini bado ni ya kijani. Nilishika jani jipya ambalo halijafunguka, lile linalosimama katikati kama mkuki, nikalivuta kwa upole. Kwenye mkindu ulioinama lilitoka mkononi bila kushindana, kitako chake kikiwa kimeoza na kunuka. Mkindu mdogo kwa kawaida ni wa shina moja, kwa hiyo hapo hapakuwa na la kufanya. Chanzo cha kifo chake hakikuwa chumvi peke yake: chungu kilikuwa kando ya kiti cha mlinzi, tundu lake limeziba, na mzee alikuwa akiumwagilia asubuhi na jioni kwa sababu ndio uliokuwa karibu naye. Sikumwambia hivyo.

Kwenye areka hesabu ilikuwa ya shina moja moja. Chungu kilichokuwa kibaya kuliko vyote kilikuwa na mashina 14, ambayo matatu tu yalikuwa na mkuki ulioshikilia. Kwa mnazi wa shina moja hali kama hiyo ingekuwa msiba, lakini kwa areka mashina matatu yanatosha kuendelea. Vyungu vingine vilikuwa na zaidi ya nusu ya mashina yakiwa hai. Rapisi na saikasi vilikuwa hai, vikiwa vimechafuka tu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha udongo. Kibarua alinisaidia kuvitoa vyungu vyote barazani hadi chini ya mwembe wa uani, kwenye kivuli chenye mwanga, kwa kuwa kuti lililozoea paa likiwekwa kwenye jua la Januari huungua ndani ya siku moja. Tuliviinua juu ya vipande vya matofali, tukazibua matundu kwa nondo, na viwili ambavyo havikuwa na tundu kabisa tukavitoboa kwa tindo na nyundo, taratibu, kutoka nje kuingia ndani. Kisha tulimimina maji ya bomba kwa awamu tatu, tukipumzika kama nusu saa kati ya awamu na awamu ili chumvi iyeyuke, hadi kila chungu kikapitisha maji mara mbili ya ujazo wake. Chungu cha wastani kilikuwa cha lita 30 hivi, hivyo zoezi zima lilitumia kama lita 600, chini ya uniti moja ya maji, gharama isiyofika shilingi 2,000. Maji ya kwanza yaliyotoka chini yalikuwa na rangi ya chai na ladha ya chumvi iliyo wazi. Ya awamu ya tatu yalikuwa karibu matamu. Katika kisa chote hiki, hakuna fedha iliyofanya kazi kubwa kuliko hizo shilingi 2,000.

Lililofuata lilikuwa kupata maji ya kudumu. Tuliunganisha mabomba ya viyoyozi vitatu vya nyuma kwa mpira wa shilingi 4,500 na kuyaelekeza kwenye pipa kuukuu lenye mfuniko, kwani pipa lisilofunikwa Dar es Salaam ni shamba la mbu. Maji hayo hayafai kunywa, kwa kuwa yamepita kwenye vumbi na metali, lakini kwa mimea ya mapambo ni karibu sawa na mvua. Katika unyevunyevu wa Februari na Machi, kiyoyozi kimoja kilichowashwa usiku kucha kilitoa kati ya lita 8 na 10, na mahitaji ya vyungu vyote, kwa utaratibu wa lita tatu kila baada ya siku tatu, yalikuwa kama lita 10 kwa siku. Hata siku ambazo wageni walikuwa wachache, pipa halikukauka. Mlinzi alifundishwa kuchovya kidole hadi kifundo cha pili kabla ya kumwagilia, na kuacha ikiwa kuna ubichi.

Wadudu gamba wa rapisi walisuguliwa kwa kitambaa na maji ya sabuni ya kipande, kijani kwa kijani, mara tatu kwa mapumziko ya siku kumi kumi, kwa sababu mayai yaliyo chini ya magamba hayafi kwa mkupuo mmoja. Sabuni iligharimu shilingi 1,500, na dawa ya dukani haikuhitajika.

Mwisho wa Februari nilirudi na kukuta areka mbili zimerudi nyuma vibaya, makuti yamelegea na harufu ya amonia imezagaa. Mlinzi, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameomba samadi mbichi ya kuku kwa jirani na kuweka kopo zima kwenye kila chungu cha mwanzo wa mstari. “Nimezipa chakula kidogo, fundi, zimekonda mno hizi,” alinieleza. Nilijilaumu mwenyewe, kwa sababu nilimweleza nini afanye lakini sikumweleza kwa nini hatulishi. Samadi mbichi ya kuku ina chumvi nyingi na huunguza mizizi mizima, seuze iliyojeruhiwa. Tuliikwangua yote na kuosha udongo upya. Kuanzia siku hiyo nilimweleza mzee kila jambo pamoja na sababu yake, na ndiye aliyekuja kuwa msimamizi mzuri kuliko mwajiri wake.

Kubadilisha udongo tulisubiri masika, kwani mizizi ya minazi hukua vizuri udongo ukiwa na joto na unyevu, na kufikia Aprili mizizi mipya myeupe ilikuwa imeanza kuonekana kwenye matundu. Hatukubadilisha vyungu vyote. Tulichagua areka mbili ambazo udongo wake ulikuwa mfinyanzi uliogandamana kama tofali, pamoja na areka kubwa kuliko zote, ambayo nitaieleza baadaye. Nyingine ziliachwa katika udongo wao ulioshwa.

Mchanganyiko wa udongo ndio uliohitaji ubunifu wa bei. Vitu vyepesi vya kuagizwa ambavyo vitabu vya bustani hupendekeza vilikuwa nje ya uwezo, lakini muuza madafu wa kona alikuwa akilipa watu wamchukulie makumbi. Tulichukua viroba vinne bure, tukayakatakata kwa panga, tukayaloweka wiki tatu kwenye maji matamu tukiyabadilisha kila yalipogeuka kahawia, ili ukakasi wake utoke. Jamaa mmoja alitaka kutuletea usumba ulio tayari kutoka Unguja, tukaukataa kwa shukrani: makumbi ya kutengenezea kamba hufukiwa miezi mingi kwenye matope ya pwani yanayofikiwa na maji ya bahari, na sisi tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kuondoa chumvi. Kwa sababu hiyohiyo mchanga ulinunuliwa wa mto. Hesabu ilikuwa sehemu tatu za makumbi, mbili za mchanga, moja ya mboji iliyoiva na moja ya chenga za mkaa zilizochekechwa ili vumbi na majivu vitoke. Watu hupenda kuweka majivu kwenye minazi kwa kuwa yana potasiamu, na ni kweli yanayo, lakini pia hupunguza tindikali ya udongo, na katika udongo wa namna hiyo chuma na manganizi huwa vigumu kwa mnazi kuvipata, hata makuti mapya yakatoka yamepauka au yamejikunja. Maji ya kisima yalikuwa yameshasukuma mambo upande huo.

Kwa vyombo tulitumia ndoo kuukuu za rangi za lita 20, tukazitoboa matundu manane kila moja na kuzizungushia vipande vya mkeka wa ukindu uliochakaa, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameziogopa ndoo hizo, alizipenda kuliko vyungu. Bonge la mizizi liliingizwa bila kuchambuliwa wala kupunguzwa, na kitako cha mashina kikabaki usawa uleule kilipokuwa. Mnazi uliofukiwa chini zaidi ili usimame imara hukosa hewa kwenye eneo linalotoa mizizi mipya, na hufa polepole kiasi kwamba hakuna anayekumbuka sababu.

Sasa areka kubwa. Ilikuwa na mashina 23, mengi yakiwa hai, na mimi nikaona nafasi ya kufidia ule mkindu uliokufa kwa kuigawa areka hiyo vyungu viwili. Nilitumia msumeno kulipasua bonge katikati. Lilikuwa kosa, nami nililijua nikiwa katikati ya kulifanya, niliposikia mizizi ikikatika. Kuigawa areka yenye afya kunawezekana kwa uangalifu. Kuigawa ambayo miezi mitatu tu iliyopita mizizi yake ilikuwa inaungua ni tamaa. Nusu iliyobaki na mizizi mingi ililegea kwa mwezi mmoja kisha ikashika. Nusu ya pili ilianza kufa shina baada ya shina katika wiki ya tano, na kufikia Juni ndoo yake ilikuwa tupu. Ndoo nne zilinunuliwa, moja ikageuka kuwa ya kufagilia.

Mbolea iliingia Juni, baada ya kila chungu kuwa kimetoa angalau kuti moja jipya lisiloungua ncha. Uwiano unaojulikana kwa minazi ya mapambo, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Florida, ni sehemu 8 za naitrojeni, 2 za fosforasi, 12 za potasiamu na 4 za magnesi, lakini mfuko wa namna hiyo sikuupata katika duka la pembejeo nililozoea. Tulichukua kilo moja ya mbolea yenye potasiamu nyingi na kuongezea chumvi ya Epsom kwa ajili ya magnesi. Muuzaji alitushauri tuchukue kloridi ya potasiamu kwa kuwa ni rahisi zaidi. Nilikataa, kwani karibu nusu ya uzito wake ni kloridi, na kloridi ndiyo tuliyokuwa tumeifukuza. Kiwango kilikuwa gramu moja kwa lita ya maji, juu ya udongo uliokwisha kulowanishwa, kila baada ya wiki tatu, na chumvi ya Epsom kijiko kimoja cha chai kwa lita nne mara moja kwa mwezi. Mara moja kwa mwezi pia kila chungu kilimiminiwa maji mengi yakapita, ili mabaki yasijilimbikize tena.

Matumizi yalikuwa haya: ndoo shilingi 14,000, mchanga 6,000, mboji 10,000, mbolea 6,000, chumvi ya Epsom 3,000, sabuni 1,500, mpira wa maji 4,500, maji ya bomba 2,000 na kibarua 15,000, jumla shilingi 62,000. Shilingi 18,000 zilizobaki nilizirudisha, na mama mwenye nyumba akanitazama kama mtu aliyeona jambo geni.

Mwezi Desemba 2023, kati ya vyungu kumi na kimoja, kumi vilikuwa hai. Kwenye areka zilizopona, mashina yenye nguvu yalikuwa yametoa makuti manne au matano mapya na yaliyo dhaifu mawili, yote yakiwa na ncha nzima. Makuti ya zamani hayakurudi kijani, nami nilikuwa nimesema tangu mwanzo kwamba hayatarudi. Yalikauka yenyewe na kukatwa kwa zamu. Areka ya mashina matatu bado ilikuwa mbaya kuitazama na ilihamishiwa karibu na tangi. Rapisi ilikuwa haina wadudu, lakini ilitoa majani mapya mawili tu kwa mwaka mzima, ndiyo tabia yake. Mvua kubwa za vuli zilizoletwa na El Niño zilituletea usumbufu wa kinyume, vyungu vya uani vikasimama ndani ya maji, ikabidi visahani vyote viondolewe na matofali yarudishwe.

Kilichonishtua kilikuwa nyuma ya jiko. Areka ya chungu kilichopasuka, ile iliyotufundisha kila kitu, ilikuwa imeanza kukauka ncha. Tulipoyaelekeza mabomba ya viyoyozi kwenye pipa tuliuondolea maji yake, na kwa kuwa haukuwa umewahi kuwa katika ratiba ya mtu yeyote, mzee alikuwa akiumwagilia pale tu alipoukumbuka, tena kwa mpira uliokuwa karibu, yaani wa kisima. Tuliosha udongo wake jioni hiyohiyo. Kisha mlinzi alileta msumari, akaupasha moto kwenye jiko la mpishi, akatoboa tundu moja dogo kwenye mpira mahali unapopita juu ya chungu kile, na tone likaanza tena kuanguka.